Acheni Gwanda Langoni

Lalamika tu mbele ya watu hapa Eldoret kuhusu vijana wanaopora simu mjini, na utapewa dawa kabla hujamaliza kulalamika. "Wapelekwe jeshi." Kinyozi atasema hivyo. Makanga wa Langas atasema hivyo. Mzee wa kanisa ambaye hajawahi kushika hata manati atasema hivyo, kwa sauti ya mtu aliyepigana vita viwili. Na kama jeshi haliwezi kuwachukua, basi jeshi liwafuate waliko. Tuajiri wanajeshi waliostaafu, tuwape filimbi, tuwapeleke kwenye rumande za watoto, shule za kurekebisha tabia na borstali, na baada ya miezi sita hao watoi watakuwa wamenyooka kama nguzo za stima.

Mimi nasema hapana, na sisemi hivyo kwa kuchukia wanajeshi. Nimelelewa na mmoja, nitamfikia. Nasema hapana kwa sababu tunapoitisha mwanajeshi aje kwa hawa watoto, hatumwitishi yeye. Tunaitisha gwanda lake. Yule mtu aliye ndani, ufundi aliojifunza huko, subira aliyojifunza huko, na kile kilichomvunja huko, hatuna haja navyo. Na huyo mtu ndiye pekee katika mpango wote huu ambaye angewafaa watoto.

Eldoret haina haki ya kulichukulia jambo hili kama la mbali. Mji huu ndio unaotengeneza wanajeshi wa Kenya. Makurutu huletwa hapa kutoka kila kaunti, wananyolewa, wanakimbizwa kwenye baridi, kisha rais anakuja siku ya gwaride la kufuzu na barabara zinafungwa. Tuna Moi Barracks. Tuna kiwanda cha risasi. Na katika mji huohuo tuna gereza na tuna rumande ya watoto, ambako mvulana anangoja kesi yake iitwe, iahirishwe, iitwe tena. Akipatikana na hatia na hakimu akiona ni kubwa, huenda akapelekwa Shikusa, borstali iliyo upande wa Kakamega. Hii ni milango miwili ya mji mmoja, na wanaoingia wanakaribiana umri kiasi kwamba kwenye picha huwezi kuwatenganisha. Mmoja ana miaka 18 na anaitwa kurutu. Mwingine ana 16 na anaitwa mhalifu. Niliwahi kuona ndugu wawili wa nyumba moja kila mmoja akiwa upande wake, na mama yao akiwatembelea wote wawili, yule wa pili bila kuwaambia majirani.

Lugha yenyewe imetuzoesha uvivu. Tuna neno moja, askari, na tunalitumia kwa anayelinda mpaka, kwa anayekuitisha kitambulisho usiku, kwa wa jela, na kwa yule wa kaunti anayemwaga nyanya za mama mboga. "Soja" nayo ilitokana na neno la Kiingereza la mwanajeshi, na leo ni mlinzi wa usiku mwenye rungu, koti zito na redio ndogo. Ukiwa na neno moja kwa watu wote hawa, ni rahisi kufikiri kwamba kazi zao ni moja, kwamba aliyeweza kumdhibiti adui anaweza kumlea mtoto wa mtu. Kumbe ni kazi mbili zisizofanana hata kwa jina la ukoo.

Halafu kuna hili la nidhamu. Ati watoto hawa hawana nidhamu. Shuka hadi kingo za mto Sosiani, kule wanakolala vijana wa mtaani. Makao yao wenyewe wanayaita "barracks". Moja ilijulikana hadi kwa watafiti na waandishi wa habari kwa jina la California Barracks. Neno hilo hawakulichagua kwa utani. Kuna mkubwa na kuna wadogo, kuna sheria, kuna adhabu, na mgeni haingii bila kupimwa. Mtoto wa miaka 13 aliyeishi pale anaamka kabla ya jua, anatii aliye juu yake bila kuuliza, anagawana chakula kwa hesabu, anavumilia baridi ya Julai ambayo hata wewe uliye na blanketi inakushinda. Sasa mnamletea sajini mstaafu amfundishe kusimama wima? Huyo mtoto ni mwanajeshi tayari. Alichokosa ni mtu mzima ambaye hamwogopi.

Wanaobishana nami, wale waliosoma historia kidogo, huwa na karata moja kubwa, nao huitoa kwa furaha. Geoffrey Griffin. Na karata hiyo ni nzuri, kwa hivyo tuitazame vizuri badala ya kuipungia mkono.

Griffin alizaliwa hapahapa Eldoret, mwaka 1933, mtoto wa Mzungu wa serikali ya kikoloni. Wakati wa Hali ya Hatari alikuwa afisa kijana katika King's African Rifles. Aliyoyaona huko yalimkera, akakataa kuendelea na jeshi. Katikati ya miaka ya 1950 akawa Wamumu, kule Mwea, kwenye kambi ya wavulana waliotolewa Manyani, zaidi ya elfu moja, waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau wakiwa bado watoto. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, akaanzisha Starehe kwa vibanda viwili vya mabati. Gikubu mwenyewe alikuwa ametoka kizuizini. Mwaka 1964 Griffin akapewa kazi ya kuunda National Youth Service, akaiongoza hadi 1988. Wamumu ilikuwa na sare, ilikuwa na kwata. Wavulana wake walitoka wakitafutwa na waajiri. Basi, wanasema, si unaona? Mwanajeshi aliingia, watoto wakanyooka.

Hapana, buda. Rudi nyuma kidogo.

Kwanza, wale wavulana wengi hawakuwa wahalifu. Walikuwa wafungwa wa siasa wenye sauti ambazo zilikuwa bado hazijavunjika. Ukisema Wamumu iliwanyoosha, unakubali hesabu za mkoloni kuhusu nani alikuwa amepinda. Pili, tazama mwaka uleule Starehe ilipofunguliwa. Mwezi Machi 1959, katika kambi ya Hola, walinzi waliwapiga wafungwa 11 hadi wakafa kwa sababu walikataa kufanya kazi. Ni serikali ileile, vita vilevile, na watu waliofungwa kwa sababu ileile. Sare ilikuwepo Hola. Amri zilikuwepo Hola. Filimbi zilikuwepo. Kama sare na amri ndizo zinazookoa, Hola ingetoa maseremala, si maiti.

Kwa hivyo kilichofanya kazi Wamumu ni kitu kingine, na ukisoma habari zake hakijifichi. Kulikuwa na darasa. Kulikuwa na karakana. Kulikuwa na mpira. Na wakati wa kutoka, mtu alikaa chini akawatafutia kazi. Mlango wa kutokea ulikuwa na kitu upande wa pili. Toa hilo, acha kwata peke yake, na utakuwa umebaki na vijana walewale wenye hasira ileile, ila sasa wanajua kugeuka nyuma kwa pamoja.

Na Griffin mwenyewe? Alikuja kwa watoto baada ya kulikataa jeshi. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wa "wapelekwe jeshi" huiruka kila mara.

Kuruka kwenyewe ni desturi ya taifa. Mwaka 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali ya Moi. Nasema tena, wanajeshi. Baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu walishangilia, na kufikia 1984 dawa ilikuwa imepatikana: wanafunzi wapelekwe National Youth Service kabla ya kuingia chuo, wafundishwe nidhamu. Waliochukua silaha walikuwa wenye nidhamu ya kijeshi, na waliopelekwa kwata ni watoto wa shule. Ruka hadi Novemba 2021. Wafungwa watatu wa ugaidi wanatoroka Kamiti. Uhuru Kenyatta anamfuta mkuu wa magereza na kumteua brigedia mstaafu, John Kibaso Warioba. Sina ugomvi na brigedia. Ninachouliza ni kwa nini mkono wa serikali ukishtuka unakwenda mfuko uleule kila wakati. Idara hiyohiyo ya magereza ndiyo inayosimamia Shikusa na borstali ya Shimo la Tewa, ambako wamo watoto ambao hawajawahi hata kuota ugaidi. Mlango wa Kamiti ukivuja, utamaduni wa kufunga zaidi unamfikia mvulana aliyeiba kuku.

Wamarekani walishatufanyia jaribio hili bure. Kuanzia miaka ya 1980 walijenga kambi za mtindo wa kijeshi kwa ajili ya vijana waliokosea, wakufunzi wakipiga kelele usoni, kuruka-ruka, kukimbia. Watafiti walipolinganisha waliopitia kambi hizo na wale ambao hawakupitia, kwa jumla hawakuona tofauti katika kurudia makosa. Januari 2006, Florida, mvulana wa miaka 14 alianguka akikimbia siku yake ya kwanza kambini. Walinzi wakamshika na kumpiga kwa madai kwamba anakaidi. Kesho yake akafa. Video ilikuwepo. Mwaka huohuo Florida ikafunga kambi hizo. Sisi tunataka kufungua zetu.

Sasa mjomba.

Mjomba wangu alikuwa fundi jeshini. Koplo. Kazi yake ilikuwa malori. Alienda Somalia, akarudi, akaenda tena. Hakuwa El Adde mnamo Januari 2016, lakini alijua watu waliokuwa huko, kwa sababu wengi walitoka hapahapa Moi Barracks, na ibada ya kuwakumbuka ilifanyiwa hapahapa, marais wakiwa wamekaa mbele. Serikali haikuwahi kutoa idadi rasmi ya waliokufa. Mjomba ana idadi yake na huwa haitaji. Mlango ukigongwa kwa nguvu usiku, anakuwa amesimama kabla hajaamka.

Alipostaafu alikuwa bado na nguvu za kusukuma lori. Kazi zilizokuwepo ni kulinda: benki, duka, lango la mtu. Usoja, yaani. Kisha akapata kazi ya mkataba katika taasisi moja ya watoto waliofungwa, sitaitaja. Walimchukua haraka mno. Waliona neno "KDF" kwenye karatasi zake wakafunga faili. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya nini huko. Hakuna aliyemuuliza analala vipi. Hakupewa hata wiki moja ya mafunzo kuhusu watoto. Alipewa filimbi, na kweli, hiyo si tamathali ya semi, filimbi ya plastiki, na akaambiwa watoto wa hapa wanaelewa lugha moja.

Watoto walimwita afande. Akawaambia wamwite fundi. Nyuma ya jiko kulikuwa na nduthi mbovu iliyokuwa imelala miaka, na Jumamosi moja akaomba spana kwa dereva, akaanza kuifungua. Wavulana wanne wakaja kusimama. Wiki iliyofuata walikuwa tisa. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba katika wiki sita hakuna spana hata moja iliyopotea, mahali ambapo vijiko huhesabiwa. Kulikuwa na mmoja, mdogo, aliyekuwa akijificha chini ya kitanda radi ikipiga. Mjomba hakumcheka. Alikaa sakafuni karibu na kile kitanda hadi mvua ikaisha, na nadhani wote wawili walihitaji kukaa hapo.

Siku ya kuwasha injini haikufika. Mkubwa mmoja alikuja, akaona grisi, akaona watoto wameketi na mlinzi wao kama ndugu, akauliza lango liko na nani. Mjomba akaambiwa kwamba kazi yake ni lango. Kwamba hakuletwa kucheza. Kwamba watu walitarajia mwanajeshi. Mkataba ulipoisha haukurudiwa. Walimwajiri kwa sababu ya gwanda, na walipogundua kwamba amekuja bila hilo gwanda, wakamwona ana kasoro.

Ndiyo maana nakasirika mtu akiniambia kwamba ninawapinga maveterani. Wewe ndiye unayewapinga. Wewe ndiye unayetaka mtu aliyezika marafiki arudi kupiga kelele za uwanja wa kwata mbele ya mtoto aliyepigwa na baba, na polisi, na mkubwa wake wa mtaani, kwa mpangilio huo. Mmoja anashtuka mlango ukigongwa, mwingine anashtuka mkono ukiinuliwa. Umewafungia pamoja usiku kucha na ukaita hiyo nidhamu. Siku mmoja atakapomuumiza mwenzake utasema aliyeumiza alikuwa mbaya. Waliowaweka hapo bila kuwapima, bila kuwafundisha, hawatatajwa.

Kuna atakayesema: lakini hao watoto ni hatari. Wengine, ndiyo. Sijasema ni malaika, nimeporwa mara mbili mimi. Lakini tazama ni nani hasa wamo mle. Kwa miaka mingi taasisi hizi zimewachanganya waliokosea na wale ambao kosa lao ni kukosa nyumba. Hadi mwaka 2022 sheria yetu iliruhusu mtoto wa miaka 8 kushtakiwa kwa jinai. Miaka 8! Wengine bado hawajang'oka meno yote ya utotoni. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri huo hadi 12. Katiba nayo, kifungu cha 53, inasema mtoto asifungwe isipokuwa njia nyingine zote zimeshindikana, na iwe kwa muda mfupi kabisa unaofaa. Hiyo ndiyo amri. Mtu anayependa sana amri za kijeshi angeanza kwa kuitii hiyo.

Mimi sina digrii ya haya mambo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhinda mathe, na mtu wa kwanza kunishauri alinishauri, bila shaka, niende jeshi. Kila kijana wa Eldoret aliyekwama anaambiwa hivyo: ukifaulu kidogo, jeshi; ukifeli, jeshi; ukiiba, jeshi. Foleni ya uandikishaji inazunguka uwanja, watu wanapimwa meno na nyayo, wachache wanachukuliwa, na wengine wanarudi nyumbani na bahasha zao. Baadhi ya hao waliorudishwa ndio utakaowakuta mbele ya hakimu miaka miwili baadaye. Sijui kama umewahi kufikiria hilo ukiwa unasema wapelekwe jeshi. Wengine walijipeleka.

Kwa hivyo ninachotaka kinaweza kuandikwa kwenye tangazo la kazi la nusu ukurasa. Mwanajeshi mstaafu anayetaka kufanya kazi na watoto waliofungwa aombe kazi kama fundi, muuguzi, mpishi, kocha, dereva, chochote alichokuwa kweli. Jeshi limejaa watu wa namna hiyo, wapiga risasi ndio wanaoonekana tu kwenye gwaride. Kabla hajakutana na mtoto yeyote, aonwe na daktari wa akili kwa gharama ya serikali iliyompeleka vitani. Tayari ipo Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya 2022, basi na ianzie hapo. Afunzwe kazi ya watoto kwa miezi, si kwa asubuhi moja. Awe chini ya afisa wa watoto, wala asiwe juu yake. Asivae sare na asiitwe kwa cheo. Akimgusa mtoto kwa hasira aondoke siku hiyohiyo, akiwa koplo au jenerali. Na alipwe kama mwalimu wa ufundi, maana sasa hivi tunamlipa kama soja na tunashangaa anapofanya kazi ya soja.

Na kila mtoto anayetoka awe na mahali anakokwenda Jumatatu asubuhi, gereji, shamba, darasa, kwa jina na namba ya simu ya mtu anayemngoja. Wamumu waliweza hilo mnamo 1955 wakiwa na nia mbaya. Sisi tunashindwa tukiwa na katiba.

Mjomba siku hizi yuko kando ya barabara Kipkaren, chini ya turubai, anatengeneza nduthi. Wiki jana nilipita nikamkuta na kijana wa kama miaka 19, mikono imejaa grisi, anafungua kabureta bila kuangalia. Sikuuliza alijifunzia wapi. Mjomba naye hakusema, alinituma nikawaletee chai, vikombe vitatu, na mandazi kama yapo.